Wembe, joto, dawa au msasa: utoe vipi uzi na vanishi ya zamani kwenye fimbo ya kuvulia?

Fimbo kuukuu ikikufikia mkononi, jicho huenda kwanza kwenye ringi za kupitishia mshipi zilizoota kutu na vanishi iliyogeuka rangi ya chai, na moyo unakimbilia uzi mpya wa kuzifungia: uwe mwekundu, wa kijani, au wa dhahabu? Subiri kidogo. Uzi mpya ukiufunga vibaya unaufungua na kuanza tena. Ule wa zamani ukiutoa vibaya, hakuna kuanza tena.

Hilo nililijua kwa gharama. Fimbo yangu ya kaboni niliyoikarabati kwa mikono yangu ilivua vizuri kwa majuma kadhaa, kisha ikakatika tak! nikiwa navuta samaki wa kawaida tu, wala si jitu. Mkato ulikuwa mnyoofu kama wa msumeno, na ulikuwa ukingoni mwa uzi wa ringi ya tatu kutoka nchani. Hapo hasa ndipo nilipokuwa nimezungusha wembe ili kukata uzi. Wembe ulipita uzi, ukapita vanishi, ukagusa fimbo. Sikuona kitu siku ile, na hata ningeuona huo mtai nisingeujali.

Njia za kubandua ziko nne, na kila moja ina watu wanaoiapia. Nimezitumia zote. Hapa nazipanga kwa vigezo vilevile ili uchague kulingana na fimbo uliyonayo, maana inayofaa kwa kaboni yaweza kuua mwanzi.

Je, lazima ubandue?

Kama uzi bado umekaza na kasoro ni vanishi iliyofifia au kuwa ya manjano, huenda huna kazi ya kubandua. Pitisha msasa laini juu juu hadi ung'avu upotee, futa kwa spiriti, paka epoksi mpya nyembamba (gundi inayoganda na kung'aa kama vanishi), basi. Bandua pale ringi inapocheza, kutu inapochungulia chini ya uzi, nyufa zinapoonyesha weupe wa maji yaliyoingia, au ringi yenyewe inapokuwa na ufa. Huo ufa hauonekani kirahisi. Pitisha kipande cha soksi nyembamba au pamba ndani ya ringi: ikinasa, ufa upo, na ufa huo ndio unaokukatia mshipi.

Ukiamua kubandua, pima kwanza. Andika umbali wa kila ringi kutoka nchani, piga picha, funga ringi kwa mpangilio wake kwenye utepe, na weka alama ya upande ambao ringi zilikaa. Maandishi yaliyo juu ya mpini yafunike kwa utepe wa karatasi kama unayataka, kwa sababu yakifutika hayarudi.

Vigezo

Cha kwanza na kizito kuliko vyote ni usalama wa fimbo. Fimbo inapopinda, tabaka la nje ndilo linalobeba mvutano mkubwa zaidi. Nyuzi zake za kaboni au faibaglasi zimelala kwa urefu, zimeshikwa na gundi iliyookwa kiwandani. Mkwaruzo wa kwenda na urefu huzipita pembeni. Mkwaruzo wa kuzunguka huzikata, na mzigo wote hujikusanya pale. Faibaglasi husamehe zaidi, kwani nyuzi zake hunyumbuka zaidi ya mara mbili ya za kaboni kabla ya kukatika. Kaboni haikuonyi.

Kigezo cha pili ni kinachobaki baada ya kubandua: vijiuzi, vidonda vya epoksi, au fimbo safi inayopokea uzi mpya. Cha tatu ni muda na mkono unaohitajika. Cha nne ni afya yako, na hapa njia hizi zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Ujue pia ulichoshika. Chungulia kwenye kitako: kaboni ni nyeusi hadi ndani, faibaglasi mara nyingi hupitisha mwanga wa tochi, na mwanzi uliochanwa una vipande vilivyogundishwa pamoja, aghalabu sita. Umri nao husaidia. Faibaglasi ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kaboni ikaanza kuuzwa miaka ya 1970. Fimbo ya kabla ya vita hivyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya mwanzi, hariri na vanishi ya mafuta, si nailoni na epoksi.

Wembe

Siri ya wembe ni mguu wa ringi. Chini ya uzi kuna ulimi wa chuma uliolala juu ya fimbo, na juu ya chuma hicho wembe hauna cha kuharibu. Laza wembe karibu sambamba na fimbo, uparue epoksi na uzi taratibu juu ya mguu, kwa urefu, hadi chuma king'ae. Ringi itachomoka. Uzi uliobaki umeshakatwa upande mmoja, kwa hiyo weka wembe chini na usukume uzi kwa ukucha wa dole gumba. Huanza kutoka kama gamba.

*Kwa fimbo:* salama kabisa mradi wembe hautoki juu ya chuma. Hatari iko mbele ya ncha ya mguu, pale uzi unapoteremka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye fimbo. Hapo hakuna kinga, nawe tayari umeshazoea mwendo wa mkono. Fimbo nzito za baharini mara nyingi zina uzi wa chini uliozongwa kabla ya ringi kuwekwa. Huo husaidia kukinga, lakini usiufanye ubao wa kukatia. Tumia wembe mpya kila baada ya ringi mbili tatu, kwani butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza.

*Kinachobaki:* ukingo mwembamba wa epoksi kama pete pande zote mbili za mzongo, yaani sehemu iliyozungushwa uzi. Usiukwangue kwa makali. Kipande cha plastiki ngumu, kama kadi ya zamani iliyokatwa mshazari, kinautoa.

*Muda na mkono:* dakika tano hadi kumi kwa ringi kwa aliyezoea, na mara mbili hivyo kwa anayeanza. Huhitaji umeme wala dawa, bali mwanga mzuri na mkono usiotetemeka.

*Kwa afya yako:* vidole tu. Parua kuelekea mbali nawe.

*Inamfaa* mwenye ringi chache, fimbo ya kaboni au faibaglasi, na subira. Asiye na subira aikwepe, na nasema hivi kwa kujijua.

Joto

Epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida huanza kulegea ikifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Gundi iliyo ndani ya fimbo ya kaboni imeokwa kiwandani kwa joto linalozidi nyuzi 100. Kati ya namba hizo mbili kuna mlango, na kazi yote ya joto ni kupita humo bila kugusa dari.

Draya ya nywele yatosha kwa fimbo nyingi. Pasha mzongo huku ukiizungusha fimbo, kisha bonyeza ukucha kwenye epoksi: ukiacha alama, iko tayari. Kata kidogo juu ya mguu wa ringi, shika ncha ya uzi, vuta. Ikiwa umepatia, uzi hufunguka na epoksi yake kama utepe, na nakiri kuwa utamu wake ni wa kitoto. Mvuke wa birika nao hufanya kazi kwa fimbo zisizo za mwanzi.

*Kwa fimbo:* inategemea chanzo cha joto. Mashine ya hewa moto ya mafundi hutoa hewa inayozidi nyuzi 300. Ikisimama mahali pamoja sekunde chache, gundi ya fimbo hulainika na nyuzi huachana ndani kwa ndani. Nje utaona labda kipele kidogo, labda hata hicho hukioni. Kipimo changu ni kidole: kama siwezi kukiacha juu ya fimbo kwa sekunde mbili, nimepitiliza. Moto wa wazi, kiberiti au mshumaa, uache kabisa kwenye mwili wa fimbo.

Kwa mwanzi, joto lina kesi yake yenyewe. Mafundi wa mwanzi hutumia joto kunyoosha vipande vilivyopinda, maana mwanzi ukipata moto hutii. Kwa hiyo ukiupasha bila kukusudia na kuuegemeza popote, utapoa ukiwa na kilema. Mbaya zaidi, fimbo za zamani sana ziligundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, ambayo joto na unyevu huiyeyusha. Vipande sita vitarudi kuwa sita.

*Kinachobaki:* kidogo sana. Hii ndiyo njia inayoacha fimbo safi kuliko zote, ila epoksi ikipoa kabla hujamaliza inagandia upya, hivyo fanya mzongo mmoja kwa wakati. Vanishi ya mafuta haifanyi hivi. Ikipashwa hugeuka ulimbo.

*Muda na mkono:* haraka kuliko wembe ukiwa na ringi nyingi. Ustadi wake ni kujua kuacha.

*Kwa afya yako:* fungua madirisha, kwani epoksi iliyoungua hutoa moshi usiofaa kuvutwa. Ukiona moshi, umeshaharibu na fimbo pia.

*Inamfaa* mwenye fimbo ya kaboni au faibaglasi iliyopakwa epoksi nene. Kwa ringi ya nchani joto halina mpinzani: hiyo huwa imebandikwa kwa gundi ya kuyeyuka. Pasha chuma chake, siyo fimbo, kisha vuta mnyoofu kwa koleo lililofungwa kitambaa. Isipotoka, ongeza joto badala ya nguvu.

Dawa

Neno hili linabeba vitu vitatu visivyofanana, na lawama nyingi zinazoiangukia njia hii zinatokana na kuvichanganya.

Spiriti ndiyo mpole. Kitambaa kilicholowa, kizungushwe kwenye mzongo, kifunikwe kwa nailoni isikauke, kiachwe robo saa au zaidi. Haiyeyushi epoksi iliyokwisha kuganda bali huilegeza, kiasi cha kukwanguliwa kwa plastiki au ukucha. Asetoni ina haraka zaidi na adabu kidogo: hula rangi, maandishi, na tone likidondokea plastiki ya kikalio cha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) linaacha kovu. Ya tatu ni dawa kali ya kubandua rangi, ile ya jeli, inayotumika kwenye milango na magari.

*Kwa fimbo:* spiriti ni salama kwa kaboni na faibaglasi. Asetoni ni salama kwa kufuta na kuondoka, siyo kuloweka. Jeli ndiyo ya kuogopa kwenye kaboni na faibaglasi, kwa sababu rahisi: epoksi iliyo juu ya uzi na gundi iliyoshika nyuzi za fimbo ni ndugu. Dawa inayomla mmoja haiulizi jina la mwingine. Inaweza kuonekana imefanya kazi safi, kumbe imelainisha tabaka linalobeba mzigo.

Kwa mwanzi mambo yanageuka. Vanishi ya mafuta na mwanzi si ndugu, kwa hiyo jeli inaweza kuondoa vanishi na kuuacha mwanzi. Ipakwe kidogo kwa brashi, ifutwe upesi, isiachwe kwenye viungio vya vipande wala kwenye kola za chuma zinazounganisha fimbo, na maji yasimwagwe kwa kisingizio cha kusuuza.

*Kinachobaki:* spiriti huacha usafi unaohitajika kabla ya uzi mpya, hivyo hata asiyeichagua kubandulia ataishia kuitumia. Jeli huacha utelezi, na usipoufuta wote vanishi mpya haitashika.

*Muda na mkono:* muda mrefu, kazi ndogo. Unaloweka, unaenda kufanya mengine, unarudi.

*Kwa afya yako:* hapa ndipo dawa inapoanguka. Jeli za aina ya zamani zina dikloromethani, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa monoksidi ya kaboni na imewahi kuua watu waliokuwa wakibandua rangi kwenye vyumba vilivyofungwa. Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kubandua rangi mwaka 2019. Soma chupa. Spiriti na asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo zisikae meza moja na mashine ya joto. Vaa glavu. Fanyia nje.

*Inamfaa* mwenye mwanzi wenye vanishi ya kale na mkono mwepesi, na yeyote anayetaka kumalizia mabaki.

Msasa

Sitakaa sana hapa. Msasa una wapenzi kwa sababu kila mtu anao.

*Kwa fimbo:* msasa haujui uzi unaishia wapi na fimbo inaanzia wapi. Ukibandua mzongo mzima kwa msasa, utakuwa tayari umekula tabaka la nje pande za mzongo kabla hujaumaliza katikati. Ukiona vumbi limegeuka jeusi kwenye kaboni, umeshafika kwenye nyuzi. Kwenye mwanzi ni vibaya vilevile, kwa kuwa nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzinyuzi za ngozi yake ya nje, hizohizo unazozigeuza unga. *Kinachobaki:* manyoya ya uzi yaliyochanganyika na vumbi, ila kama kazi ni kulainisha kidonda cha mwisho cha epoksi, msasa namba 600 au zaidi, uliolowa maji, unafanya kile ambacho kingine hakifanyi. *Muda na mkono:* mkono wa kila mtu unaweza, muda ni mrefu. *Kwa afya yako:* vumbi la kaboni na faibaglasi linawasha ngozi na halifai kifuani. Barakoa ya kuzuia vumbi ni lazima, na maji hupunguza vumbi. *Inamfaa* anayemalizia, au anayepaka juu ya uzi uliopo bila kuubandua.

Kwa hali yako

Usidhani mafundi huchagua moja na kufunga mlango. Wengi huanza na wembe juu ya mguu wa ringi, huingiza joto kwa ajili ya uzi, hufuta mabaki kwa spiriti, na msasa huja dakika ya mwisho kama haja ipo. Swali lako ni njia ipi ibebe uzito wa kazi.

Kama ni fimbo ya kaboni nyembamba na ringi moja tu imelegea, wembe na ukucha vinatosha. Joto lingeamsha mizongo ya jirani ambayo haina kosa.

Kama unabandua fimbo nzima ya kaboni au faibaglasi, ringi nane au tisa, epoksi nene: draya. Anza na ringi iliyo karibu na mpini, ambako fimbo ni nene na husamehe, ujifunze hapo kabla hujafika nchani.

Kama ni ya baharini yenye uzi wa chini na wa juu, kata wa juu kwenye mguu wa ringi, chomoa ringi, ndipo uulegeze wa chini kwa joto. Usijaribu kuikata yote kwa mkupuo. Chuma chake kikiwa kimeoza kwa chumvi, miguu huvunjika na kuacha kipande chenye ncha kali ndani ya epoksi. Kipashe kitoke, usikichokoe.

Kama ni mwanzi, na hujui gundi yake, weka kando draya na mvuke. Tafuta ncha ya uzi wa hariri kwa sindano uufungue, kwani vanishi ya zamani mara nyingi imekauka kiasi cha kupasuka yenyewe. Iliyobaki ikwangue kwa mgongo wa kisu, kwa urefu. Jeli ije tu pale vanishi inapogoma.

Kama huna hakika fimbo ni ya nini, ichukulie kuwa kaboni: spiriti, ukucha, plastiki, na siku mbili badala ya moja.

Na kama ni fimbo ya babu, ambayo unataka irudi kama alivyokuwa akiishika, usitupe uzi wote wa zamani. Hifadhi mzongo mmoja mzima kwenye bahasha kabla hujanunua uzi mpya. Rangi ya uzi kwenye kibonge siyo rangi utakayoiona baada ya kupaka: vanishi na epoksi huutia giza, na hariri ikilowa vanishi karibu iwe ya kupenya jicho. Zonga kipande cha uzi mpya kwenye kijiti, kipake, kiache kikauke usiku kucha, kisha kiweke kando ya ule wa kwenye bahasha.